Yupo Aliyeanza

Kijiji cha Nachimbo,
Masasi.
24 Februari 1982

Kwa Eliasi fundi cherehani,
Mtaa wa Swahili, Kariakoo.

Mwanangu nisiyekujua,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku uhai tunao. Uzima siwezi kuudai.

Mimi ni Severa, mama yake Ignasi, yule kibarua wa bandarini uliyempeleka hospitali tarehe 12 mwezi huu. Naandika kwa mkono wangu, siandikiwi na mtu. Nilijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima nikiwa na miaka arobaini na sita, wenzangu wakinicheka, na nilichopata ni kusoma mwenyewe habari ya kifo cha mwanangu.

Karatasi ya hospitali inasema, "Ameletwa na Eliasi, fundi cherehani, Mtaa wa Swahili." Ukiacha la marehemu, ndilo jina pekee lililomo. Nimeambiwa pia kwamba siku ya kuzika ulikuwepo pale Kinondoni, wewe na vibarua watatu. Sisi tulishindwa kuja kwa sababu barabara imekatika Rufiji, na mvua haingoji mtu amalize msiba wake. Asante, mwanangu. Ulimsitiri.

Sasa nina ombi. Kibarua mwenzake ameandika kwamba Ignasi alilala chini mtaani, kando ya foleni ya sukari, zaidi ya saa nzima, mchana kweupe, na watu wamesimama wanamtazama. Hiyo sentensi nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Huku kwetu mbuzi wa jirani akivunjika mguu njiani tunambeba mpaka kwa mwenyewe. Mwanangu hakufika hata cheo cha mbuzi? Niambie ilikuwaje, na alisema nini mwishoni. Usinionee huruma, mimi si mtu wa kuzimia.

Wako,
Mama Ignasi (Severa)


Mtaa wa Swahili,
Kariakoo.
8 Machi 1982

Mama yangu Severa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na cherehani inazunguka ingawa nyuzi zimeadimika. Hofu yangu ni juu yako na juu ya mke wa marehemu. Pole sana, mama. Pole haitoshi lakini sina neno jingine.

Umeniuliza ilikuwaje. Huku kwetu sukari ikishuka kwenye duka la ushirika, kazi zote zinasimama. Unapanga mstari tangu alfajiri, mwenye kusimamia anakuandika namba mkononi kwa kalamu, na ukitoka kwenye mstari namba yako haina maana tena. Ukikosa siku hiyo, hujui utapata lini. Ijumaa ile tulikuwa watu kama mia mbili. Mimi nilikuwa namba themanini na tatu.

Ignasi hakuwa kwenye foleni. Alikuwa anapita tu. Lori lililoleta mzigo lilikuwa linarudi nyuma, likambana ubavu na ukuta. Dereva hakujua, na waliokuwa karibu walidhani limemgusa kidogo, kwa sababu alitembea hatua tano sita kabla ya kulala chini kando ya mtaro. Damu haikuonekana. Alikuwa anavujia ndani.

Kwa nini hawakumwinua? Mama, watu wa Bongo wameharibika. Kila mtu anaangalia tumbo lake. Wengine wanaogopa polisi, maana ukimpeleka majeruhi unaulizwa wewe ndiye uliyemgonga, unalala rumande ukitafutiwa shahidi. Basi kila mmoja anamwangalia mwenzake, na mwenzake anamwangalia yeye. Nina hasira nao hata usingizi sipati.

Nilipopata nafasi nilimwendea, nikaazima mkokoteni, tukampeleka. Njiani aliomba maji. Alimtaja Sofia mara mbili. Alisema, "Mwambieni mama nilikuwa naenda kazini." Hayo ndiyo maneno yake.

Kuna Sista mmoja wa huko kwenu anarudi kwa ndege ya Mtwara. Nimempa kilo moja na nusu ya sukari kwa ajili ya chai ya arobaini. Ni kidogo, ipokee.

Mwanao,
Eliasi


Kijiji cha Nachimbo,
Masasi.
28 Machi 1982

Mwanangu Eliasi,

Marahaba, tena marahaba. Tumbo lilinisumbua, sasa nimepona. Sofia anasalimu. Hajambo yeye na mzigo wake, maana sijakuambia, Ignasi alimwacha na mimba. Itatimia Juni.

Sista alifika na sukari imefika. Jumatano tulifanya arobaini. Miezi minne kijiji hiki hakijaonja chai yenye sukari, na wazee waliramba vikombe. Nikasimama nikawasomea barua yako, yote, kwa sauti. Nilipofika pale pa "nilikuwa naenda kazini" nilishindwa, mwalimu akanimalizia. Kisha nikawaambia, huyu Eliasi hakuwa ndugu, hakuwa jirani, hakuwa hata wa kabila letu, na alitoka kwenye mstari. Sofia akasema mbele ya watu wote kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Eliasi. Watu wakapiga vigelegele. Kwa hiyo una mtoto huku, ujiandae.

Lakini usifikiri hasira imenitoka. Imenizidi. Umeniambia watu wameharibika, umeniambia polisi. Nimekusikia, sijakubali. Mimi nimeishi na watu. Watu mia mbili hawawezi kuamka siku moja wote na moyo mmoja. Katika mia mbili yupo mwenye huruma, yupo aliyetaka kwenda, yupo hata mlokole. Kama wote walisimama, basi pana kitu kiliwasimamisha. Lazima yupo aliyeanza. Yupo mmoja aliyesema neno, au aliyecheka, na wengine wakamfuata.

Huyo nitafutie. Wewe ulikuwa namba themanini na tatu, una macho na masikio. Nataka jina lake. Simtumii polisi wala mganga. Nataka nijue tu ni nani, nimwandikie.

Mama yako,
Severa


Kariakoo.
2 Mei 1982

Mama,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu, nilikuwa na homa, na kazi za Sikukuu ya Wafanyakazi zilitubana. Natumaini mmeamka salama huko na Sofia anaendelea vizuri.

Nilikwenda Kinondoni Jumapili. Mvua ilikuwa imetitisha kaburi, nikalijazia udongo na kupaka msalaba rangi upya. Jina linasomeka vizuri.

Kuhusu jina la mtoto, mama, naona heshima hiyo ni kubwa kwangu. Mimi ni mtu wa kawaida tu. Si ingefaa aitwe jina la babu yake, au la baba yake mwenyewe? Fikirini.

Nawasalimu wote.

Eliasi


Kijiji cha Nachimbo,
Masasi.
30 Mei 1982

Eliasi,

Salamu. Sisi wazima. Sofia miguu imevimba, mkunga anasema wiki tatu au nne.

Nimeisoma barua yako na nimekasirika. Nilikuomba kitu kimoja, wewe umeniletea rangi ya msalaba. Asante kwa msalaba. Jibu liko wapi? Unamficha nani? Ni rafiki yako? Ni mkubwa wa chama? Ni balozi wenu wa nyumba kumi? Kama unamwogopa, sema unamwogopa, nitaelewa. Lakini usinizungushe kama mtoto, mimi ndiye niliyemzaa yule mtu aliyelala pale chini.

Na hilo la jina usilirudie. Sofia ameshasema mbele ya kijiji. Hapa tunampa mtoto jina la mtu tunayetaka amfuate tabia.

Barabara ikikauka nitakuja. Nitasimama kwenye foleni hiyo hiyo nimuulize mmoja mmoja, wa kwanza mpaka wa mia mbili. Watanipisha. Mwanamke akija na kilio chake hakuna wa kumwambia asubiri zamu.

Nangoja jina.

Mama yako,
Severa


Mtaa wa Swahili,
Kariakoo.
20 Juni 1982

Mama Severa,

Shikamoo. Naomba usome barua hii ukiwa umekaa, na usimsomee mtu kabla hujaimaliza.

Jina ulilolitaka ni langu.

Nina mtani wangu, Mngoni, anaitwa Leodegar. Mimi ni Mhehe. Yeye naye ni kibarua wa bandarini. Unajua utani ulivyo. Nilipofiwa na baba, Leodegar alijilaza katikati ya mkeka wa msiba akakataa kutoka mpaka tumpe jogoo, na tulimpa huku tunacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndivyo tulivyo mimi na yeye tangu tufahamiane.

Ijumaa moja kabla ya ile ya Ignasi, sukari ilishuka. Leodegar alikuja amechelewa, akaona mstari ulivyo, akajiangusha mbele ya duka na kuanza kutupa miguu, povu linamtoka mdomoni. Povu la sabuni, na sabuni yenyewe sijui aliipata wapi mji mzima ukiwa hauna. Watu walimhurumia. Wakambeba mpaka mbele, muuzaji akampimia haraka ili aondolewe pale. Alipofika kona alisimama wima, akainua mfuko juu na kucheza. Tulicheka, lakini wengi walikosa sukari siku ile, na waliapa kwamba hawatadanganywa tena.

Sasa tarehe 12. Lori lilipombana Ignasi mimi sikuliona, nilikuwa nyuma. Nilichokiona ni ovaroli ya buluu ya bandarini imelala kifudifudi kando ya mtaro, kofia imefunika kisogo. Urefu ule ule, mabega yale yale. Sikujiuliza mara mbili. Sauti yangu ni kubwa, mama, mtaa wa pili wananisikia. Nilipiga kelele:

"Mwacheni huyo! Mtani wangu huyo, yule Mngoni! Juzi kawalia sukari yenu, leo mwacheni alale mpaka achoke!"

Foleni nzima ilicheka.

Kuna mama mmoja muuza vitumbua, Bi Mwanamkuu, alikuwa ameshatoka kwenye mstari anakwenda kumtazama. Akageuka akaniuliza, "Eliasi, una hakika? Mbona mguu unamtetemeka?"

Nikamjibu, "Bi Mwanamkuu, leo anaigiza vizuri zaidi. Rudi, nafasi yako inaliwa."

Akarudi. Na kila aliyepita baada ya hapo akiuliza kulikoni, wenzangu walimjibu kwamba huyo ana mtani wake hapa, anamjua, msijali. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wananiamini mimi. Wewe uliliona hilo ukiwa Masasi, mimi niliyekuwepo nikakuandikia habari za polisi na matumbo ya watu.

Wakati mmoja aliinua mkono. Nikampungia.

Nilipopata kilo zangu mbili ndipo nilipomwendea. Nilimsukuma kwa ncha ya kiatu nikamwambia, "Inuka, mchezo umekwisha." Hakuinuka. Nikamgeuza. Sura haikuwa ya Leodegar. Kijana nisiyemjua kabisa, midomo imekuwa ya majivu, macho yako wazi na ananitazama. Mkokoteni niliupata upesi. Daktari alisema bandama imepasuka, na kwamba tungemleta saa moja mapema angemfanyia operesheni akapona. Alisema hivyo mbele yangu, akinisifu kwamba mimi angalau nimejitahidi.

Sukari niliyokutumia ilitoka kwenye zile kilo mbili. Sikuweza kuinywa, na kuitupa niliona vibaya. Nisamehe hilo kwanza kabla ya mengine.

Mtaani hawajui. Bi Mwanamkuu aliniuliza kesho yake yule kijana anaendeleaje, nikamwambia amepona, amerudi kwao. Hata Leodegar sijamwambia. Siku hizi akinitania namwambia nina kazi.

Mtoto asiitwe Eliasi. Hilo ndilo ninaloliomba, mengine fanya utakavyo. Nimechelewa kulisema kwa sababu ulikuwa unaniita mwanangu, na nilipenda kuitwa hivyo.

Eliasi


Kijiji cha Nachimbo,
Masasi.
15 Agosti 1982

Eliasi,

Kila barua nimeanza kwa salamu. Leo sikusalimu.

Barua yako ya tarehe 20 Juni ilinifikia Jumanne, tarehe 6 Julai. Mtoto alizaliwa Juni 23, wa kiume, na alibatizwa Jumapili, tarehe 4 Julai. Siku mbili tu. Ni Eliasi.

Ulikuwa na Machi nzima. Ulikuwa na Aprili, ukawa na Mei na homa yako. Ulijua tumbo linakua na ulijua jina lililopangwa, ukakaa kimya ukitegemea labda atazaliwa wa kike. Ile siku ya foleni ulikosea, na kukosea nakuelewa. Nimekaa na wewe moyoni wiki nyingi, nikasema, alidhani ni mtani wake, mtu akidhani afanyeje. Hiyo nimejaribu kuimeza na huenda siku moja itapita. Lakini miezi hii mitatu hukudhani kitu. Ulijua, na uliniacha nisimame mbele ya kijiji nikusifu. Uliwaacha wazee wangu wairambe ile sukari. Hiyo haipiti, Eliasi. Hiyo imekwama hapa kooni.

Nilikwenda kwa padri nikamwambia naomba jina libadilishwe. Akauliza sababu, nikanyamaza. Akasema jina la ubatizo likishaandikwa limeandikwa. Nikarudi nyumbani nikaificha barua yako chini ya godoro, wiki tano, sikumwambia mtu. Nikimwona Sofia anamnyonyesha najisemea mwache kwanza, ana maziwa, asije akashtuka. Jana nikajiona nilivyo. Nimesimama pembeni najua, na sisemi. Nikaitoa nikamsomea.

Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale pa mkono. Nikarudia. Akauliza kitu kimoja tu, kama huyo Bi Mwanamkuu yuko hai. Nikamwambia bila shaka yuko, anauza vitumbua. Sofia akasema, "Basi yeye ndiye aliyemwona mume wangu." Akambeba mtoto akatoka nje.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa huyo mama. Mwambie aliona sawasawa. Mguu ulikuwa unatetemeka kweli, haukuwa mchezo, na kijana hakupona, yuko Kinondoni, na ana mtoto. Mwambie pia kwamba nina hasira naye, tena nyingi, kwa sababu aliona kwa macho yake akakubali ya mdomo wako. Halafu waambie na hao wengine, kwenye foleni, kwa hiyo hiyo sauti yako kubwa. Wamecheka wakaenda nyumbani wakanywa chai. Nao wana haki ya kujua walichokicheka.

Barua yako nyingine siitaki. Bi Mwanamkuu akitaka kuniandikia, yeye nitamjibu. Nikipata barua yake nitajua umekwenda. Nisipoipata nitajua pia.

Jina linabaki. Sofia amesema halibadilishi, na hakunieleza kwa nini, wala sikumuuliza.

Nilitaka kuandika zaidi lakini mtoto ameamka analia na Sofia yuko kisimani. Inanibidi nimchukue nimbembeleze, na kumbembeleza lazima nimwite jina lake.

Severa,
mama yake Ignasi